Kubadilisha Viti Vilivyochakaa na Kutafuta Kiini cha Vituko vya Gari Kuukuu

Kiti cha dereva hufanya kazi kila dakika ambayo gari liko barabarani, lakini kwa wengi wanaonunua gari lililokwisha kutumika miaka mingi ndicho kitu cha mwisho kushughulikiwa. Redio hubadilishwa, rimu hubadilishwa, rangi hupigwa upya, na kiti kilichobonyea huvalishwa kava jipya ili kisionekane. Nauona mpangilio huo kuwa wa kinyumenyume. Kiti kilichozama upande mmoja humpinda dereva kiuno na kumweka vibaya mbele ya usukani na pedali, na iwapo ubovu umefika kwenye reli au boliti, hata mkanda wa usalama hauwezi kufanya kazi yake ipasavyo siku ya ajali. Tena kuna faida nyingine ya kuanzia hapo. Viti vikishatoka, sakafu nzima inakuwa wazi, na sakafu ya gari kuukuu hutoa habari za maji, kutu na nyaya zilizooza, mambo matatu yanayozaa vituko vingi ambavyo wenye magari huishia kuisingizia kompyuta ya gari. Kwa hiyo kazi hizi mbili, ya viti na ya vituko, ni afadhali zifanywe kwa mkupuo mmoja.

Kujua kiti kimechakaa wapi

Kabla ya kutafuta kiti kingine, kichunguze kilichopo kwa mikono. Weka kiganja kwenye sehemu ya kukalia na ubonyeze kwa nguvu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukingo wa nje wa kiti cha dereva, ule wa upande wa mlango, ndio huchoka kwanza, kwa sababu kila anayeingia na kutoka huukalia kwa uzito wake wote kabla ya kuteleza kuelekea katikati. Ukiukuta umelegea lakini bado unarudi polepole unapouachia, iliyochoka ni sponji peke yake. Ukihisi waya au chuma chini ya kiganja, sponji imekwisha na huenda springi nazo zimekatika. Inama na tochi uangalie chini ya kiti: utaona ndoano zilizochomoka kwenye fremu, waya zilizovunjika, na mara nyingi unga uliomwagika juu ya zulia, ambao si vumbi bali ni sponji inayosagwa na waya kila mtu anapokaa.

Halafu shika sehemu ya juu ya mwegemeo kwa mikono miwili, uisukume na kuivuta. Mchezo mdogo kwenye reli ni wa kawaida katika gari lenye umri. Mlio wa kugonga, au mwegemeo unaojipinda upande mmoja huku upande wa pili ukibaki palepale, ni dalili ya boliti iliyolegea, mtambo wa kulaza kiti uliolika meno, au fremu iliyopasuka. Uchunguzi huu mfupi ndio unaoamua kazi yote: kava na sponji vinaweza kurekebishwa juu ya fremu ileile, lakini fremu iliyopasuka au reli isiyoshika upande mmoja inadai kiti kizima. Kuichomelea fremu ya kiti ni jambo ninalolipinga, kwa sababu joto la kuchomelea hubadilisha uimara wa chuma chembamba kilichotengenezwa kwa hesabu maalumu, na hakuna namna ya kujua kwa macho kama kitahimili mgongano.

Kuchagua kiti mbadala

Kiti kinachofaa zaidi ni cha gari la aina ileile na la kizazi kilekile, si la jina lilelile tu, kwa kuwa watengenezaji hubadilisha sakafu, matundu ya boliti na plagi za umeme kila wanapotoa kizazi kipya, na mara nyingine hata katikati ya kizazi kimoja. Kiti kutoka gari la milango miwili huwa na mtambo wa kujikunja mbele ambao gari la milango minne haliuhitaji. Kiti cha dereva cha gari lenye usukani kushoto hakigeuki tu kikawa cha dereva katika gari lenye usukani kulia, kwa sababu kishikizo cha mkanda na mitambo ya kurekebisha kimo viko upande wa kinyume.

Geuza kiti unachotaka kununua uhesabu plagi zilizo chini yake, uangalie rangi na umbo lake, kisha ulinganishe na za kwako. Kama kiti chako kina mfuko wa hewa wa ubavuni, kipya nacho lazima kiwe nao, wa aina ileile. Kiti cha abiria wa mbele katika magari mengi kina kihisi kinachopima kama pamekaliwa na mtu na uzito wake ni kiasi gani, na katika baadhi ya magari kihisi hicho hupimwa kiwandani pamoja na sponji yake. Hapo haifai kuhamisha sponji peke yake kutoka kiti kimoja kwenda kingine. Inahamishwa seti nzima, na baadhi ya magari hudai kompyuta ielekezwe upya na fundi.

Chunguza pia kiti hicho kimetoka katika gari lililopatwa na nini. Matope makavu ndani ya reli, kutu kwenye springi za katikati ambako mvua ya dirishani haifiki, na harufu ya uvundo, vyote vinaonyesha gari lililozama majini. Kishikizo cha mkanda ambacho kifuniko chake cha mpira kimejikunja na kujibana kama kimevutwa chini kinaonyesha kwamba kikaza mkanda, kile kifaa chenye baruti kidogo kinachoubana mkanda wakati wa mgongano, kimekwisha kulipuka. Kiti cha namna hiyo kiache, hata kama kitambaa chake kinang'aa.

Kukitoa kiti bila kujidhuru

Mfuko wa hewa wa ubavuni na kikaza mkanda ni vilipuzi vidogo vinavyowashwa kwa umeme, na nyaya zake kwa kawaida hupita katika plagi za rangi ya manjano. Hilo ndilo linaloamua mpangilio wa kazi. Kiti cha umeme kinahitaji betri ili kisogee, kwa hiyo kabla ya kukata umeme kisogeze mbele kabisa ulegeze boliti za nyuma, kisha kirudishe nyuma ulegeze za mbele, na ukiache mahali ambapo mkono unafikia plagi. Kama redio ina namba ya siri, hakikisha unayo. Ondoa ufunguo, fungua waya wa nguzo hasi ya betri na uufunge kitambaa usirudi kugusa, kisha subiri muda uliotajwa katika kitabu cha gari ili chaji iliyobaki katika mfumo wa mifuko ya hewa iishe. Vitabu vingi hutaja dakika chache. Mimi hupendelea kusubiri dakika 10 au zaidi, kwa kuwa hakuna hasara yoyote katika kusubiri.

Gusa chuma cha bodi ili kuondoa umeme tuli mwilini, laza kiti nyuma, piga picha ya kila waya unakopita, ndipo uchomoe plagi. Usiwashe swichi ya gari wakati plagi hizo zimechomolewa, maana kompyuta itaandika hitilafu na taa ya mfuko wa hewa itabaki inawaka mpaka ifutwe kwa mashine. Wala usipime plagi ya manjano kwa multimita, yaani kipimo cha umeme, kwa kisingizio chochote, kwa kuwa mkondo mdogo wa kipimo waweza kutosha kuulipua mfuko.

Boliti za viti hukaa miaka mingi pasipo kuguswa, na zile zenye tundu la umbo la nyota huharibika upesi zikifunguliwa kwa pupa. Toa kwanza uchafu ndani ya tundu kwa msumari mwembamba hadi ncha ya spana izame yote, mimina mafuta ya kulegeza kutu, ungoja, halafu fungua kwa shinikizo la taratibu. Moto usitumike hapo kabisa: chini ya zulia kuna nyaya na sponji, na chini ya sakafu hupita mabomba ya mafuta. Toa kiegemeza kichwa, tandika blanketi kwenye kizingiti cha mlango, na muwe wawili wa kukibeba, kwa kuwa kiti cha umeme kinaweza kupita kilo 30 na reli zake hukwaruza kila zinachogusa. Chenye mfuko wa hewa kiwekwe kimesimama, mbali na joto, na kisiwekewe kitu ubavuni.

Kiti cha nyuma ni rahisi zaidi. Sehemu ya kukalia aghalabu hushikwa kwa klipu mbili zinazoachia ukiinua ukingo wa mbele kwa nguvu, na mwegemeo kwa boliti chache za chini.

Sponji na kava

Kama fremu ni nzima, kazi iliyobaki inahitaji subira kuliko ufundi. Kava limeshikwa kwa ukanda wa plastiki unaonasa ukingoni mwa fremu, na kwa pete ndogo za waya zinazofunga fimbo iliyoshonwa ndani ya kava kwenye fimbo nyingine iliyozama ndani ya sponji. Pete hizo zikatwe kwa koleo, zisivutwe, maana zikivutwa huja na vipande vya sponji. Piga picha kila mstari wa pete kabla ya kuukata, kwa kuwa mistari hiyo ndiyo inayokipa kiti mabonde yake, na kava lililofungwa bila kufuata mistari hiyo hukaa kama gunia.

Sehemu ya sponji iliyokufa ikatwe kwa kisu kikali mpaka upate uso ulionyooka, na kipande kipya cha sponji ngumu kibandikwe kwa gundi inayostahimili joto, inayopakwa pande zote mbili na kuachwa hadi ishike kidogo kabla ya kukutanisha. Sponji laini ya mto wa nyumbani haifai hapa; hupendeza siku ya kwanza na kulala kabisa baada ya muda mfupi. Kiache kipande kipya kiwe kikubwa kidogo kuliko umbo la zamani, kwa sababu kava litakibana, kisha kichonge kwa kisu na msasa.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita, nami naliona kuwa na thamani kuliko kava lenyewe, ni kile kitambaa kigumu kinachotenganisha springi na sponji. Ukigeuza sponji ya zamani utakuta michirizi mirefu iliyochimbwa na waya, mingine imepenya nusu ya unene wake, na mara nyingi kitambaa cha asili kimekwisha kuwa nyuzi. Ukiweka sponji mpya juu ya springi tupu, waya zitaanza kuikata upya tangu siku hiyohiyo. Bandika turubai nene au gunia imara upande wa chini wa sponji, na springi zilizokatika zibadilishwe kabla ya kuifunika.

Kava gumu la ngozi au la plastiki hulegea likianikwa juani kidogo. Funika sponji kwa karatasi nyembamba ya nailoni ili kava liteleze, lilinganishe katikati kwanza, funga pete za katikati, kisha nenda pembeni, na uichomoe nailoni kabla ya kufunga ukingo wa mwisho. Upande wenye mfuko wa hewa una mshono uliotengenezwa uachie mfuko unapolipuka. Usiushone upya kwa uzi wa kawaida, wala usivalishe juu yake kava la nje linalozunguka mwegemeo wote, maana litauzuia mfuko usitoke au litaupeleka upande usiotakiwa.

Sakafu ikiwa wazi

Kabla ya kurudisha chochote, inua zulia. Juu linaweza kuwa kavu kabisa huku sponji iliyo chini yake imebeba lita kadhaa za maji, kwa hiyo libane kwa mkono na kuligeuza, usiridhike na kulipapasa. Maji yakionekana, asili yake ndiyo ya kutafutwa kwanza. Maji meupe yasiyo na harufu upande wa mbele, yanayojaa wakati kipoza hewa kinatumika hata kama hakuna mvua, hutokana na bomba la kumwaga maji ya kipoza hewa lililoziba. Majimaji yanayonata, yenye harufu tamu na yanayoambatana na ukungu wenye mafuta kwenye kioo cha mbele, ni ya kupozea injini, na yanatoka katika rejeta ndogo ya kupasha joto. Maji ya baada ya mvua hutoka katika majani yaliyoziba mifereji iliyo chini ya waipa, katika mirija ya dirisha la paa, au katika karatasi ya nailoni iliyobanduka ndani ya mlango.

Ili kujua ni ipi, mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie gari maji kwa mpira kwa upole, akianzia chini na kupanda juu sehemu kwa sehemu, akitulia dakika chache kila hatua. Ukianzia juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Zulia na sponji yake vitolewe nje vikauke kabisa, kwa sababu kuviacha na unyevu ni kurudisha kutu na uvundo mahali pake. Kutu ya juujuu ikwanguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Tundu lililo karibu na mahali kiti kinapofungwa ni kazi ya fundi wa bodi mwenye chuma kipya, si ya kuziba kwa puti.

Plagi zilizokuwa ndani ya maji hayo huota unga wa kijani kwenye pini zake, na hapo ndipo hutoka taa za dashibodi zinazowaka na kuzimika zenyewe, milango inayojifunga na kiti kisichosogea. Zisafishe kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, na waya uliooza ukatwe mpaka ufikie shaba inayong'aa. Nyaya za mfuko wa hewa usiziunge mwenyewe.

Kiti kinaporudi, boliti zote zianzwe kwa vidole kabla ya yoyote kukazwa, kisha zikazwe kwa spana ya kipimo kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari hilo. Boliti iliyopotea ibadilishwe kwa yenye alama ileile ya nguvu kichwani, kwa mfano 8.8 au 10.9, si kwa yoyote inayoingia tunduni. Sogeza kiti mwanzo hadi mwisho uhakikishe meno yananasa pande zote mbili. Plagi zote zichomekwe kabla ya betri, na unapowasha swichi mara ya kwanza pasiwe na mtu kitini. Taa ya mfuko wa hewa inapaswa kuwaka sekunde chache kisha izime.

Vituko vya umeme

Gari linapoanza vituko vingi kwa wakati mmoja, usipige ramli wala usinunue spea. Pima betri kwanza. Betri iliyopumzika na kujaa huonyesha takribani volti 12.6, na injini ikiwaka kipimo katika magari mengi huwa kati ya volti 13.8 na 14.5. Chini ya hapo alteneta (jenereta inayochaji betri), mkanda wake au nyaya zake zina tatizo, na vifaa vya kompyuta huanza kutoa habari za uongo. Kisha fuata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha bodi. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha bodi huku taa na feni vikiwa vimewashwa: kipimo kikizidi volti 0.2 hivi, waya wa ethi umeoza au mahali ulipofungwa pana kutu. Indiketa inayofanya taa ya breki iwakewake pamoja nayo ni mfano wa wazi wa ethi mbovu katika taa ya nyuma, kwa kuwa umeme uliokosa njia ya kurudi hupitia balbu ya jirani.

Dirisha linalofanya kazi mlango ukiwa wazi nusu na kugoma ukifungwa, au spika inayokatika kila mlango unapoguswa, vinakuelekeza kwenye mpira ule wa mikunjo unaopitisha nyaya kati ya mlango na bodi. Uvute mpira huo na upindepinde kila waya mmojammoja: uliokatika ndani hujikunja kirahisi kuliko wenzake, ingawa ganda lake ni zima. Mlango wa buti una ugonjwa huohuo. Dirisha linalopanda kwa uzito kwa kawaida halina mota mbovu, bali mpira wa kando uliokauka, na silikoni ya kupulizia humaliza kesi. Feni ya ndani inayofanya kazi kwenye kasi ya juu peke yake imeunguza rezista yake, kile kipande kinachopunguza umeme kwenye kasi za chini. Dirisha lililosahau kujipandisha lenyewe baada ya betri kukatwa hufundishwa upya, katika magari mengi, kwa kulipandisha hadi juu na kuendelea kushikilia swichi sekunde chache.

Betri inayokufa usiku ina kitu kinachoinyonya. Unganisha kipimo cha ampea katikati ya nguzo hasi na waya wake, funga milango, na usubiri hata nusu saa ili kompyuta zilale. Kinachobaki kwa kawaida hakipaswi kuzidi miliampea 50. Kikizidi, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka kishuke, na njia ya fyuzi hiyo ndiyo yenye mwizi. Usiwashe injini kipimo kikiwa hapo.

Injini inayotetemeka gari likiwa limesimama, baada ya betri kurudishwa, huenda inajifunza upya na itatulia baada ya safari fupi. Isipotulia, tafuta mipira ya hewa ya injini iliyopasuka na mlango wa kuingizia hewa ulioshika masizi kabla ya kitu kingine. Magari yaliyouzwa Marekani tangu 1996, na ya petroli katika Umoja wa Ulaya tangu 2001, yana soketi ya pini 16 ambamo kifaa cha kusomea hitilafu huchomekwa. Andika misimbo yote ya hitilafu, ifute, endesha gari siku chache, usome tena, kwa kuwa mingi katika gari kuukuu ni mabaki ya betri dhaifu iliyokwisha kubadilishwa. Msimbo unaorudi ndio wa kufuatwa, na ukiwa wa mifuko ya hewa au wa breki upelekwe kwa fundi mwenye mashine inayosoma mifumo hiyo, maana vifaa vingi vya bei nafuu husoma injini peke yake.